Eyam kwa siku moja: anzia mpakani, ndipo uingie kijijini

Kwanza jina. Linaandikwa Eyam, linatamkwa "Iim". Ukimwambia dereva wa basi "E-ya-mu" atakuelewa baada ya kukutazama kidogo. Ukisema "Iim" atakukatia tiketi na safari itaendelea.

Kijiji kipo Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, kama kilomita 20 kutoka Sheffield. Nyumba ni za mawe ya kijivu, barabara kuu ni moja, na siku ya kawaida utasikia kunguru, kondoo na mtu anayekata majani bustanini. Uingereza ina vijiji vinavyokishinda kwa uzuri. Mwenye hamu ya nyumba za rangi ya asali na vijito vinavyopita mbele ya milango aende Cotswolds. Eyam watu huiendea kwa sababu ya miezi 14 tu, kuanzia Septemba 1665 hadi Novemba 1666, tauni ilipoingia na wanakijiji wakakubaliana kujifungia ndani wasije wakaitoa nje. Kwa hesabu iliyozoeleka, walikufa watu 260.

Nimewapeleka wageni wangu huko mara kadhaa, na safari mbili za kwanza niliziharibu mwenyewe. Nilianzia kanisani kama kila mtu, tukasoma vibao, tukanywa chai, tukarudi. Mgeni mmoja akaniuliza ndani ya treni, "Sasa walijifungia vipi, mbona hakuna ukuta?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimemwonyesha mpaka. Tangu hapo nafuata mpango huu, na sijaona ulio bora kuliko huo.

Kabla hujatoka nyumbani

Chagua siku kwa makini. Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kuwakumbuka waliokufa, na siku hizohizo visima vya kijiji hupambwa kwa desturi ya Derbyshire: mbao kubwa hupakwa udongo mbichi wa mfinyanzi, kisha picha nzima huchorwa kwa kubandika petali za maua, majani na mbegu moja moja. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha, na hudumu siku chache tu kabla haijakauka na kunyauka. Lakini siku hizo watu ni wengi. Mimi napenda katikati ya wiki, Mei au Septemba.

Majira ya baridi epuka, isipokuwa huna nafasi nyingine. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, makumbusho huwa yamefungwa, na njia za mashambani huwa tope tupu. Hata msimu wa wageni makumbusho hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo tazama ratiba yao kabla hujakata tiketi ya treni.

Viatu viwe vya kushika tope. Koti la mvua beba hata kama ni Julai na anga ni buluu, maana hapo ni milimani. Weka sarafu mfukoni kwa ajili ya sanduku la sadaka kanisani. Ramani usiitegemee simu peke yake, kwani mtandao hukatika ukishuka mabondeni. Pakua ramani mapema, au nunua ile ya karatasi ya Ordnance Survey, namba OL24, inayoonyesha kila njia ya miguu.

Njia hizo za miguu zinahitaji neno moja kwa mgeni. Uingereza utaona kibao kidogo cha kijani au cha mbao kikielekeza katikati ya shamba la mtu, kondoo wamejaa. Pita. Ni njia ya umma kisheria, hata kama ardhi ina mwenyewe. Masharti ni matatu: usiiache njia, funga kila geti ulilolifungua, na usiwakaribie wana-kondoo.

Hatua ya 1: Kufika

Ukitokea Sheffield au Manchester, panda treni ya reli ya Hope Valley ushuke Grindleford. Kutoka Sheffield ni kama robo saa, na sehemu ya robo saa hiyo utakuwa gizani, kwa sababu treni hupita chini ya mlima katika handaki la Totley, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 5 na nusu, lililofunguliwa 1893. Ukitoka gizani upande wa pili umeshafika. Kutoka stesheni hadi Eyam ni kama kilomita 5, nyingi zikiwa za kupanda.

Mimi asubuhi sipandi kilima kwa miguu. Kuna mabasi yanayotoka Sheffield kuelekea Buxton au Bakewell ambayo hupita Eyam kwenyewe. Si mengi, na Jumapili hupungua zaidi, basi andika saa ya kwenda na ya kurudi kwenye karatasi. Panda basi asubuhi, na miguu iweke akiba ya kurudi stesheni jioni, wakati njia inateremka. Sababu ya kurudi kwa upande huo nitaieleza mwishoni.

Hatua ya 2: Toka kijijini kabla hujakitazama

Shuka penye uwanja mdogo unaoitwa The Square. Utaona upande wa magharibi barabara ya kanisani inakuita. Iache. Ingia Lydgate, njia ndogo inayoelekea kusini, uifuate mpaka nyumba ziishe na mashamba yaanze. Njia ya miguu inaendelea kuteremka kuelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton, na kabla hujafika huko utakuta jiwe kubwa limelala nyasini, lina matundu sita juu yake.

Hilo ndilo jiwe la mpaka. Watu wa Stoney Middleton na vijiji vingine walileta vyakula na dawa wakaviweka mpakani, kisha wakaondoka. Watu wa Eyam walikuja baadaye, wakachukua, na kuacha pesa ndani ya matundu yaliyojazwa siki. Bakteria hawakuwa wakijulikana na mtu yeyote duniani mwaka 1666, lakini watu walikwisha kuona kwamba siki husafisha. Gharama nyingine za chakula zilibebwa na Earl wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth lililoko kilomita chache kutoka hapo.

Simama hapo ugeuke. Juu kuna Eyam, chini kuna Stoney Middleton, na umbali ni mdogo kiasi kwamba mtu akipiga kelele kwa nguvu angeweza kusikika. Hakuna ukuta. Hakukuwa na mto wa kuvuka, wala askari mlangoni. Palikuwa na jiwe hili na neno walilopeana. Kutoka lilikuwa jambo la dakika chache, usiku, kupitia shamba lolote. Mgeni wangu wa kwenye treni angejibiwa hapa bila mimi kufungua mdomo.

Leo utakuta wapita njia wameacha sarafu ndani ya matundu. Usizichukue. Kama una muda na miguu bado ina nguvu, endelea kuteremka hadi Stoney Middleton uone kanisa la Mtakatifu Martin, ambalo ukumbi wake umejengwa kwa pembe nane mwaka 1759. Kama huna, rudi juu.

Hatua ya 3: Makaburi ya Lydgate

Ukirudi, njia ileile ya Lydgate ina makaburi mawili pembeni, karibu na nyumba za watu. Ni ya George Darby na binti yake Mary, waliokufa 1666. Safari ya kwenda nilikuacha uyapite bila kusema kitu. Sasa simama.

Mara ya mwisho nilikuwa na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Akayatazama, akatazama kushoto na kulia kutafuta makaburi mengine.

"Mwanangu, hawa mbona wako barabarani peke yao? Makaburini hapakuwa na nafasi?"

"Nafasi ilikuwapo, shangazi. Walikatazana wenyewe."

Mapatano ya kijiji, yaliyofanywa Juni 1666, yalikuwa na mambo matatu. La kwanza, asitoke mtu. La pili, kanisa lifungwe, ibada zifanyike nje, kila familia ikae mbali na nyingine. La tatu, kila nyumba izike maiti zake yenyewe, haraka, shambani au bustanini, bila mkusanyiko na bila kupelekwa kanisani. Kwa Mkristo wa karne ile, kuzikwa nje ya ardhi iliyobarikiwa lilikuwa jambo zito mno. Shangazi alinyamaza kwa muda. Msomaji wa Beni au Butembo aliyeishi miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, hahitaji kuelezewa hilo: kukatazwa kumwosha na kumuaga mtu wako huuma kuliko kukatazwa kusafiri.

Hatua ya 4: Nyumba zenye vibao vya kijani

Sasa ingia kijijini. Kutoka The Square fuata Church Street kuelekea magharibi, lipite kanisa kwanza, na mara baada yake utaona safu ya nyumba ndogo zenye bustani mbele na vibao vya kijani vinavyotaja majina ya waliokufa ndani yake. Hapa ndipo yalipoanzia.

Mwishoni mwa Agosti 1665 bunda la nguo lilifika kutoka London, ambako tauni ilikuwa imepamba moto. Lilipelekwa katika nyumba ya Mary, mjane wa Cooper aliyekuwa ameolewa tena na mshonaji aitwaye Hadfield. Humo aliishi pia George Viccars, msaidizi wa mshonaji. Kama inavyosimuliwa, nguo zilikuwa na unyevunyevu, Viccars akazianika mbele ya moto, na viroboto waliokuwamo, wabebaji wa tauni, wakaamka. Alizikwa tarehe 7 Septemba. Kabla mwezi haujaisha watoto na majirani walikuwa wameanza kumfuata. Kibao cha nyumba hiyo kinasema Mary mwenyewe alinusurika, ila alipoteza jamaa 13. Nyumba ya jirani ilikuwa ya akina Thorpe, na kibao chake kinataja watu tisa.

Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Bunda lile lilikuja na kinyume chake.

Nataka usome vibao polepole, na ukisoma ukumbuke kwamba nyumba hizi zina watu wanaoishi humo leo. Soma ukiwa barabarani. Usivuke geti, usichungulie dirishani, na ukimkuta mwenye nyumba anapalilia bustani msalimie kwa "good morning" ya kawaida. Usimuulize kama ameona mizimu. Ameulizwa mara nyingi.

Jambo moja la kubishania mkiwa hapo. Mwaka 1665 ugonjwa ulipungua wakati wa baridi, kisha ukarudi kwa ukali majira ya joto ya 1666. Agosti peke yake walikufa watu 78. Watafiti walioichambua rejista ya vifo mwaka 2016 walikadiria kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalipita kutoka mtu hadi mtu, si kutoka kwa panya. Kama ni hivyo, kujifungia kuliviokoa vijiji vya jirani, na papo hapo kuliwafungia wazima pamoja na wagonjwa. Kuna wanaosema walidanganywa na kasisi wao, aliyewaongoza katika mapatano yale. Mimi nasita, kwa sababu kasisi naye alibaki. Lakini usikubali simulizi la mashujaa watupu. Walikuwa watu, na baadhi yao bila shaka walijuta.

Hatua ya 5: Kanisa la Mtakatifu Lawrence

Hapa toa angalau dakika 45. Zungukia uwanjani kwanza kabla hujaingia ndani.

Karibu na njia kuna msalaba wa jiwe uliochongwa kwa michoro ya kufumanafumana na sura za watu. Ni wa karne ya 8, mkongwe kuliko kanisa lenyewe, na sehemu ya mti wake imekatika ndiyo maana unaonekana mfupi. Jirani yake kuna kaburi la Catherine Mompesson, aliyekufa 25 Agosti 1666 akiwa na miaka 27. Mumewe William ndiye aliyekuwa kasisi. Watoto wao wawili walikuwa wamepelekwa Yorkshire kabla ya mapatano. Catherine aliombwa aende nao, akakataa. Amezikwa hapa kanisani wakati wengine walizikwa mashambani, na hilo nakuachia ulipime mwenyewe.

William Mompesson alikuwa na miaka ishirini na kitu, amefika 1664, na wanakijiji hawakuwa wakimpenda. Waliyempenda ni Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa baada ya sheria ya 1662 iliyowalazimisha makasisi wote kutumia kitabu kimoja cha sala, naye akagoma. Stanley alikuwa bado anaishi Eyam. Kwa siasa za dini za wakati ule watu hawa wawili hawakupaswa hata kusalimiana. Mompesson akajua kwamba peke yake hatasikilizwa, akamwendea. Mapatano yale matatu yalitolewa na wote wawili wakiwa wamesimama pamoja, na kwa maoni yangu bila Stanley yasingeshika hata wiki moja. Vitabu vya watalii humpa Mompesson kurasa na Stanley mstari. Tafuta jiwe la kumbukumbu la Stanley hapo uwanjani umsalimie.

Yaliyompata Mompesson baadaye wengi hawayasikii. Alihamishiwa Eakring, Nottinghamshire, na husimuliwa kwamba watu wa huko walimwogopa kiasi cha kumtaka aishi kwanza kibandani, mbali na kijiji, mpaka hofu iwatoke. Aliyekuwa amewafungia wengine akafungiwa yeye.

Ukiinua macho juu ya mlango wa upande wa kusini utaona saa ya jua ya mwaka 1775. Si ya kuhesabu saa za Eyam tu. Pembeni imeandikwa majina ya miji ya mbali, ikiwamo Makka, Mexico na Quebec, ili mtu aliyesimama katika kijiji hiki cha wachimba madini ajue huko ni saa ngapi. Shangazi aliitafuta Makka kwa kidole mpaka akaipata, akacheka peke yake.

Na upande mwingine wa uwanja, kaburi la mcheza kriketi Harry Bagshaw, aliyekufa 1927: jiwe limechongwa wiketi, vile vijiti vinavyolengwa na mpira, ikiwa imeangushwa, na juu yake mkono wa mwamuzi umenyoosha kidole. Ametolewa nje.

Ndani ya kanisa kuna dirisha la kioo cha rangi la 1985 linalosimulia habari nzima kwa picha, kiti cha mbao kinachoitwa cha Mompesson, na orodha ya majina ya waliokufa. Ikiwa kuna ibada, subiri nje. Kuingia ni bure, sanduku lipo mlangoni.

Hatua ya 6: Kula, kunywa, na vilivyobaki barabarani

Chai ipo kijijini, na pia baa ya zamani inayoitwa Miners Arms. Agiza skoni kwa krimu na jemu, au sandwichi ya jibini. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza supu au pai, hawakasiriki kuulizwa.

Endelea magharibi. Eyam Hall, jumba la mawe upande wa kulia, lilijengwa miaka ya 1670, mara baada ya tauni. Mbele yake, kwenye uwanja wa majani, pana mkatale wa mbao, ule wa kufungia miguu ya mkosaji mbele ya watu. Hapa wachimbaji wa madini ya risasi walikuwa na mahakama yao ya kimila, na wezi wa machimboni waliujua mkatale huo vizuri. Watoto hupenda kupigwa picha wakiwa wamekaa hapo.

Shangazi, ambaye amechota maji maisha yake yote, alitaka kujua waliyapata wapi. Swali zuri, na jibu liko kando ya barabara: mabirika ya mawe yaliyounganishwa na mifereji ya kutoka chemchemi za juu, yenye kibao cha mwaka 1588. Eyam ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza nchini kuwa na maji ya umma ya namna hiyo. Mwaka wa tauni hawakuhitaji kwenda nje kutafuta maji. Sijaona kibao kinachoihusisha habari hiyo na ile, lakini kwa mchota maji inajieleza.

Makumbusho yako Hawkhill Road, katika jengo lililokuwa kanisa dogo la Wamethodisti. Juu ya paa, mshale wa kuonyesha upepo una umbo la panya. Ndani ni padogo, saa moja inatosha. Mvua ikikunyeshea mapema, anza na makumbusho, ila ukimaliza rudi kwenye jiwe la mpaka.

Ukiwa humo tafuta habari za Marshall Howe. Aliugua akapona, akaamini tauni haitamrudia, akafanya kazi ya kuzika maiti za nyumba zilizokuwa hazina mtu wa kuzika. Malipo yake yalikuwa vitu vya marehemu. Husimuliwa kwamba alikuwa akivichagua hata kabla roho haijatoka. Kisha mkewe na mwanawe wakafa; watu walisema aliwaletea mwenyewe ndani ya yale mavazi. Kila kijiji kina mtu wa namna hii, na mimi namwamini zaidi kuliko watakatifu.

Hatua ya 7: Bondeni, au mlimani

Hapa chagua moja, maana zote mbili zitakumalizia siku.

Bonde la Cucklet Delf liko kusini mwa kijiji, na ndiko kulikofanyiwa ibada baada ya kanisa kufungwa. Mompesson alihubiri akiwa kwenye mwamba wenye matundu kama milango, watu wametawanyika majanini. Husimuliwa pia habari za Emmott Sydall wa Eyam na mchumba wake Rowland wa Stoney Middleton, waliokuwa wakionana hapa kwa mbali bila kugusana, hadi siku moja Emmott hakutokea. Rowland aliendelea kuja. Karantini ilipokwisha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kijijini kuuliza. Emmott alikuwa amekufa Aprili. Bonde ni ardhi ya mtu binafsi. Ibada ya Agosti ndiyo nafasi ya hakika ya kuingia. Siku nyingine ukikuta geti limefungwa, limefungwa.

Kisima cha Mompesson kiko upande wa kaskazini, juu ya kijiji, kwa barabara inayopanda hasa. Hapa nako chakula kiliachwa na pesa ikachukuliwa. Utaona mwanya mdogo wa maji umezungushiwa mawe na reli za chuma, hakuna zaidi, ila ukigeuka Derbyshire yote iko chini yako. Nenda kama hewa ni safi. Kukiwa na ukungu, baki chini unywe chai ya pili.

Hatua ya 8: Riley, na kuondoka

Hii iwe ya mwisho, na uanze mapema kiasi kwamba mwanga usikuishie. Rudi The Square, pita uelekee mashariki kwa barabara ya Grindleford, kisha ufuate Riley Lane inayopanda kushoto kwako. Kutoka kijijini ni kama kilomita moja. Katikati ya shamba kuna ukuta mdogo wa mviringo, na ndani yake mawe ya makaburi ya familia moja.

Elizabeth Hancock alimzika hapa mumewe na watoto wao sita kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666. Siku nane, watu saba. Alichimba mwenyewe na kuwaburuta mwenyewe, kwa sababu mapatano yalikuwa hivyo na kwa sababu hakuna jirani aliyethubutu kusogea. Husimuliwa kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona kutoka kilima cha pili.

Mahali hapa hakuna duka wala mlango wa kulipia. Kuna upepo na kondoo. Shangazi alivua viatu kabla ya kuvuka ukuta, mimi nikavua vyangu, tukasoma majina: John, Elizabeth, William, Alice, Anne na wengine. Hatukupiga picha. Ukitaka kupiga, hakuna anayekukataza.

Elizabeth alibakiwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa Sheffield akijifunza kazi. Baada ya kumzika wa mwisho alikwenda kuishi naye huko, kwa njia za milimani upande huu wa mashariki. Ndiyo sababu nilisema miguu uiwekee akiba. Kutoka Riley rudi barabarani, teremka kuelekea Grindleford ukitembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, kwani kuna vipande visivyo na njia ya waenda kwa miguu. Kijiji cha Grindleford utakipita, uvuke daraja la mto Derwent, kisha upande tena kidogo kufika stesheni. Jihesabie saa moja na robo, na saa moja na nusu kama una mtu mzima.

Stesheni haina mhudumu, kwa hiyo tiketi ya kurudi uwe nayo tangu asubuhi. Treni za Sheffield huingia moja kwa moja kwenye handaki zikishaondoka hapo. Kaa dirishani upande wowote, hutaona kitu.